Pesa ya Kuchimba Opala, na Tiketi ya Kwenda Kueleza Matokeo

Asistan au mwanafunzi wa Kisangani anayetaka kufanya akiolojia mara nyingi huanzia kwenye orodha ya wafadhili. Anakesha na simu, anahifadhi majina ya mifuko ya Marekani na Ujerumani, na kukicha hana hata sentensi moja ya kuwaandikia. Orodha si tatizo, iko wazi kwa kila mtu. Kinachokosekana ni swali, lile litakalomfanya mtu aliyeketi New York au Düsseldorf aone kwamba jibu liko kwenye kingo za Lomami, katika teritware ya Opala, na kwamba wewe ndiwe unayeweza kulifikia. Basi tuanzie kwenye swali, orodha tutaikuta njiani.

Opala imekwisha kutoa mfano. Mwaka 2007 watafiti wa wanyama waliokuwa wakizunguka msitu wa kati ya Tshuapa, Lomami na Lualaba walimkuta tumbili mchanga akifugwa mjini Opala, nyumbani kwa mkuu wa shule ya msingi. Wenyeji walikuwa na jina lake, lesula. Vitabu vya sayansi havikuwa nalo. Zikakusanywa picha na sampuli, na mwaka 2012 lesula akatangazwa kuwa aina mpya, Cercopithecus lomamiensis. Mwaka 2016 ikatangazwa Hifadhi ya Taifa ya Lomami. Sisemi tumbili mmoja ndiye aliyezaa hifadhi, kazi ilikuwa pana kuliko hapo. Nasema msitu ule ulipata uso ambao msomaji wa mbali hakuusahau. Mwanaakiolojia naye anamhitaji lesula wake, na hana haja ya kumfuata porini: yuko kwenye mashamba ya mihogo, kwenye mashimo ya matofali na kingo za mto zinazobomoka, amevunjika vigae.

Swali linalouzika

Ujue kwanza wenzako wamefika wapi. Kati ya 1977 na 1987 Mjerumani Manfred Eggert alipita kwa mashua kwenye mito ya bonde la ndani la Kongo, magharibi ya Opala, akitafuta vyungu vya kale. Hans-Peter Wotzka akavipanga kwa mitindo katika kitabu kinene cha mwaka 1995. Mtindo wa kale kuliko yote hapo, Imbonga, una umri wa kama miaka 2,400. Mwaka 2010 msafara wa Boyekoli Ebale Congo ulisafiri kwenye mto Kongo upande wa Kisangani, na wanaakiolojia wa jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, walikuwamo. Kisha mwaka 2021 Dirk Seidensticker na wenzake wakachapisha katika jarida la Science Advances hoja iliyozua mjadala. Walikusanya tarehe 1,149 za kaboni kutoka maeneo 726 ya msitu wa Kongo, wakasema watu walipungua mno msituni kati ya mwaka 400 na 600 baada ya Kristo, na kwamba karne kadhaa zilipita kabla ya wengine kujaa tena.

Sasa swali lako limeshaanza kujiandika. Je, Lomami nayo iliachwa tupu? Vigae vya Opala vikitoa tarehe za karne ya 5 au ya 6, hoja ile imepata ufa. Visipotoa, imepata nguzo nyingine. Kwa upande wowote jibu linachapishika, na mfadhili hupenda swali ambalo halina hasara. Unaweza pia kuanzia kwenye masimulizi: wazee wa Kimbole wanataja asili ya kaskazini ya mto Kongo, na mabadiliko ya mitindo ya vyungu yanaweza kusomwa sambamba na masimulizi hayo. Ila hapa uwe mwangalifu. Chungu hakina kabila. Ukiandika kwamba kigae fulani ni cha Wambole kwa sababu kimeokotwa kwa Wambole, mhakiki wa kwanza atalitupa ombi lako lote.

Jambo moja watu hulipenda, nami nakushauri ulifute: sentensi isemayo kwamba hakuna aliyewahi kuchimba hapo. Maeneo ambayo hayajachimbwa ni mengi duniani. Pengo kwenye ramani halitoshi kuwa hoja. Hoja ni kitu ambacho pengo hilo linazuia wenzako wasikijue.

Uwe na kitu mkononi

Kabla ya kuomba hata dola moja, unahitaji ushahidi kwamba kuna cha kuchimba. Huu hauhitaji jembe. Zunguka na mwenye shamba baada ya mvua, tazama udongo uliotoka kwenye shimo la choo kipya, teremka ukingo wa mto maji yakipungua. Ukiona kigae, usikiondoe. Kipige picha palepale, jua likiwa la ubavuni, asubuhi au jioni, kwa sababu jua la saa sita linafuta mistari ya mapambo. Weka rula kando yake, hata ile ya plastiki ya shule. Piga sura ya nje, kisha ukigeuze upige ukingo uliovunjika, kwani wataalamu husoma udongo wa ndani na unene wa ukuta, kisha ukirudishe kilipokuwa. Kama ni mdomo wa chungu, mshukuru Mungu: mdomo mmoja una maneno mengi kuliko vipande ishirini vya tumbo. Kwenye daftari andika kijiji, grupma, tarehe, namba za GPS kutoka kwenye simu, na jina la mwenye shamba ikiwa ameridhia.

Picha kumi namna hiyo, kutoka vijiji vitatu au vinne, zinabadilisha maombi yako. Mhakiki hawezi tena kusema unaota.

Kuchimba ni jambo jingine, lina sheria. Ordonansi-sheria namba 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971 ndiyo inayolinda mali za utamaduni nchini, na uchimbaji unataka ruhusa ya serikali. Mlango wa kwanza ni Taasisi ya Makumbusho ya Taifa ya Kongo huko Kinshasa, IMNC, pamoja na wizara ya utamaduni. Andika barua mapema kupitia chuo, eleza unataka kwenda wapi, utatumia njia gani na vitu vitakavyopatikana vitawekwa wapi. Nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa tu tayari ni karatasi ya kuambatanisha. Ukitaka kutuma mkaa nje ya nchi ukapimwe, hilo nalo liombee ruhusa katika barua hiyohiyo, usije ukakwama uwanja wa ndege na vifuko vyako.

Huku chini kuna ngazi zake: karatasi ya misheni kutoka chuoni, kisha msimamizi wa teritware, kisha mkuu wa sekta au wa sheferi, chifu wa grupma, na mwishoni wazee wa kijiji chenyewe. Watu wa usalama (ANR) na wa uhamiaji (DGM) nao watataka kuona karatasi. Usiruke ngazi, hata kama kaka yako wa ukoo ndiye chifu. Na wazee usiwaendee na fomu tu ya kutia sahihi, waulize ni wapi pasipochimbwa. Wambole wana lilwa, chama cha mafunzo na sheria, na sanamu zake zimetapakaa kwenye majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Mahali palipohusika na mambo hayo si pa kuingia na sururu. Ukiandika katika maombi yako kwamba wazee wamekutajia maeneo ya kuepuka nawe umeyatoa kwenye mpango, umejibu kipengele cha maadili ambacho wengi hukijaza kwa maneno matupu.

Pesa ya kwanza ni ndogo, na iko karibu

Pesa ya hatua ya mwanzo, yaani mafuta ya pikipiki, mtumbwi, chakula na zawadi ya heshima kwa mwenyeji, haitoki New York. Inatoka kwenye mradi wa mtu mwingine. Chuo Kikuu cha Kisangani, UNIKIS, kina ushirikiano wa miaka mingi na vyuo vya Ubelgiji kupitia VLIR-UOS, hasa katika bayoanuwai na misitu, na Yangambi ina INERA, ambayo mizizi yake ni ile INEAC ya mwaka 1933. Watafiti wa misitu huchimba mashimo ya udongo mara kwa mara, na humo hukutana na mkaa na vigae ambavyo mara nyingi haviwahusu. Mwendee promoteri wako umwombe akutambulishe kwa timu inayoelekea upande wa Lomami. Jitolee kuandika maelezo ya kila kigae na kila tabaka la mkaa watakalokuta. Nafasi moja kwenye mtumbwi wao ina thamani kuliko ruzuku ya kwanza, na jina lako likiwa kwenye ripoti yao, una chapisho.

Historia ya eneo letu inaonyesha hivyohivyo. Wanaakiolojia wengi wa Afrika Mashariki wa kizazi cha miaka ya 1980 na 1990 walisomeshwa kupitia mpango wa chimbuko la miji uliolipwa na Sweden. Mtanzania Felix Chami alitetea na kuchapisha tasnifu yake juu ya pwani ya Tanzania hukohuko Sweden, Uppsala, mwaka 1994. Kwetu Kongo, mradi wa KongoKing ulioongozwa na Koen Bostoen wa Ghent, kwa pesa ya Baraza la Utafiti la Ulaya, ulikwenda Kongo ya Kati, na Mkongomani Igor Matonda alifanya udaktari wake ndani yake. Wale hawakuomba kila mmoja kivyake. Pesa ilikuja kwa kundi, wakaingia kundini wakiwa na maarifa ya lugha, ya njia na ya watu ambayo mgeni hakuwa nayo.

Kwa hiyo, kabla ya kumwandikia mfadhili, mwandikie mtu. Wasomaji wa vigae vya bonde la Kongo si wengi, na majina yao yako juu ya makala utakazosoma. Barua iwe fupi, kwa Kifaransa safi au Kiingereza: mimi ni nani, nimeona nini, hizi picha tatu, naomba maoni yako kuhusu mtindo huu. Usiombe pesa katika barua ya kwanza. Mtaalamu akivutiwa na mdomo wa chungu chako, atakutajia mwenyewe mlango wa kugonga. Jumba la Tervuren lina mkusanyiko mkubwa wa vitu kutoka Kongo na hupokea watafiti wa Kiafrika kwa mafunzo. Mwongozo wake wa kazi ya uwanjani kwa akiolojia ya Afrika, uliotoka mwaka 2017, unapakuliwa bure. Usome kabla hujaandika sehemu ya mbinu, maana wahakiki wengi wameusoma.

Mifuko mikubwa, na nani anaifaa

Hapa wengi hupoteza miezi, kwa kuwa hawasomi sharti la kwanza: nchi gani, ngazi gani, kipindi gani cha kale. Programu moja nzuri ya utafiti wa utu barani, African Humanities Program ya Marekani, ilikuwa kwa watu wa Ghana, Nigeria, Afrika Kusini, Tanzania na Uganda tu. Mkongomani aliyeijaza fomu ile alijichosha bure. Soma sharti, ukiona Kongo haimo, funga ukurasa.

Wenner-Gren Foundation ya New York, iliyoanzishwa mwaka 1941, ndiyo ya kuifikiria ukiwa tayari umeandikishwa kwa udaktari. Ruzuku yake ya kazi ya uwanjani ya udaktari hufika dola 25,000, na uraia haukuzuii. Haitoi asilimia ya gharama za chuo, hivyo zungumza na ofisi ya fedha mapema. Wanayo pia Wadsworth, kwa watu wa nchi zenye nafasi chache za kusomea anthropolojia na akiolojia wanaotaka kusoma nje. Fomu yao inauliza maswali mafupi, na swali linalowaangusha watu ni lile la kutaka ueleze kazi yako itabadilisha nini katika fikra za taaluma. Jibu la “itajaza pengo” halitoshi. Jibu la “itapima kama watu walitoweka kweli katika karne ya 5” linatosha.

Gerda Henkel Stiftung ya Düsseldorf, iliyoanza mwaka 1976, inaijali historia na akiolojia kwa dhati. Ina ufadhili wa Lisa Maskell, uliokusudiwa wanafunzi wa udaktari wa Afrika kusini ya Sahara na Asia ya Kusini-Mashariki. Kwa maoni yangu hawa ndio wanaoendana zaidi na mtu wa Opala, kwani hawaogopi utafiti usio na dhahabu wala fuvu.

Fuvu lina mlango wake. Leakey Foundation ya Marekani, ya mwaka 1968, inafadhili chimbuko la binadamu, na ina ufadhili wa Baldwin kwa wanafunzi wa nchi zinazoendelea. Kama ungekuwa unafanya kazi Ishango, kwenye Ziwa Edward, ambako Jean de Heinzelin alichimba mwaka 1950 na kupata ule mfupa wenye mikato, ungewaandikia leo. Kwa vyungu vya miaka elfu mbili, usiwasumbue.

Kuna mfuko ambao watu wa akiolojia huusahau: programu ya British Museum ya kuhifadhi maarifa ya vitu yanayopotea, EMKP, inayolipwa na mfuko wa Arcadia tangu mwaka 2018. Haitaki uchimbe. Inataka urekodi mikono inayojua kufinyanga, kufua chuma, kuchonga mtumbwi, kusuka raffia, kabla wenye mikono hiyo hawajaondoka. Kama pale Opala yuko mama mmoja anayefinyanga bado, au babu anayekumbuka jinsi mvukuto ulivyowekwa, una mradi. Na rekodi hiyo itakusaidia baadaye kusoma vigae, kwa maana utakuwa umeona kwa macho jinsi mapambo yanavyopigwa na kwa kifaa gani.

CODESRIA ya Dakar, ya mwaka 1973, imekuwa ikitoa ruzuku ndogo za kuandika tasnifu na inapokea Kifaransa. Elekeza mradi wako kwenye jamii na historia, si kwenye maabara. AUF, mtandao wa vyuo vikuu vinavyotumia Kifaransa, ni ya kufuatilia kwa safari za kati ya vyuo, na ARES ya Ubelgiji ya Kifaransa kwa masta na mafunzo. Programu hizi hubadilika serikali zinapobadilika, kwa hiyo tangazo la mwaka juzi ulilotumiwa kwenye WhatsApp si tangazo. Fungua tovuti yao wenyewe.

Kiingereza kisikutishe. Andika mawazo yako kwa Kifaransa kwanza, yakisimama vizuri, tafsiri kwa programu ya simu, kisha mpe mtu anayejua lugha na mwingine anayejua fani. Wawili hao wasiwe mtu mmoja.

Bajeti inayoijua njia ya Opala

Mhakiki hajafika Opala, lakini bajeti ya mtu aliyefika anaitambua. Iandike kwa njia halisi. Ya nchi kavu inaanza kwa kuvuka mto kwenda Lubunga, kisha pikipiki. Ya maji inateremka hadi Isangi, Lomami inapomwagika katika mto Kongo, halafu inapanda na baleinyeri au mtumbwi wa injini. Eleza umechagua ipi, kwa majira gani, na kwa nini. Mvua ikinyesha wiki nzima bei ya pikipiki inapanda, na petroli ya chupa kijijini si ya bei ya kituo cha Kisangani. Weka siku za kusubiri, ziite kwa jina lake.

Eneo hili limepitia mambo mazito pia. Tangu mwaka 2023 ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola uliwafanya watu wengi wa Lubunga kukimbia, na Lubunga ndio mlango wa barabara ya Opala. Usilifiche jambo hilo ukidhani litamtisha mfadhili, maana atalisoma kwenye habari. Andika aya moja: nani atakupa taarifa kabla ya kuondoka, njia ya pili ni ipi, ni lini utaahirisha. Kama wewe mwenyewe ni wa upande mmoja, taja timu yako ina nani wa upande mwingine.

Tarehe za kaboni ndizo zinazokula pesa. Kipimo kimoja ni mamia ya dola, na shimo moja lenye tabaka nne halieleweki kwa kipimo kimoja. Hesabu vipimo kabla ya kuhesabu posho yako. Chagua kokwa za michikichi zilizoungua kuliko mkaa wa mti mkubwa: kokwa ni ya mwaka mmoja, mti unaweza kuwa ulishaishi karne mbili kabla ya kuchomwa, na tarehe yako ikazeeka bure. Sentensi hiyo moja, ikiwa ndani ya maombi, inamwambia mhakiki kwamba unajua kazi. Maabara si lazima iwe Ulaya, kwani iThemba ya Johannesburg inayo mashine.

Weka pia vitu ambavyo wengine husahau: masanduku na rafu za kuhifadhia vigae, paneli ndogo ya jua, dawa, na safari ya pili ya kurudi Opala kuwaonyesha wenyeji matokeo. Hiyo safari ya pili ikikosekana, mfadhili wa siku hizi anauliza.

Kisha stakabadhi. Mpiga kasia hana kitabu cha stakabadhi, wala mama anayepika. Chapisha chako Kisangani, chenye nakala ya kaboni: jina, kazi, tarehe, kiasi, sahihi au dole gumba. Mishahara ya siku ikubaliwe mbele ya chifu, iandikwe, iwe sawa kwa wote wanaofanya kazi moja. Andika kiwango cha kubadilisha dola kwa faranga kila siku unayolipa, la sivyo ripoti yako haitafungamana na benki. Na unapotoa pesa taslimu, zikague noti moja moja kaunta hapohapo. Noti ya dola mia yenye mchaniko mdogo pembeni haitapokelewa na mtu yeyote Opala, hata ukimwapia. Posho zinazoombwa ofisini bila stakabadhi usizifiche chini ya “mengineyo”. Afadhali barua ya utambulisho itumwe wiki mbili kabla, ikupunguzie mazungumzo ya mlangoni.

Tiketi ya mkutano

Mkutano uje baada ya kuwa na cha kusema. Mkutano mkuu wa bara, wa Chama cha Pan-Afrika cha Akiolojia, ulianza Nairobi mwaka 1947 kwa juhudi za Louis Leakey. Wa nne ulifanyika Léopoldville mwaka 1959, kwa hiyo Kinshasa imeshawahi kuwa mwenyeji. Wa 2018 ulikuwa Rabat, wa 2022 Zanzibar. Kuna SAfA, chama cha wanaakiolojia wa Afrika, kilichokutana Toulouse 2016, Toronto 2018 na Houston 2023. Na kuna World Archaeological Congress, WAC, iliyozaliwa Southampton mwaka 1986 na kukutana Prague 2022. SAfA na WAC wamekuwa na msaada wa safari kwa watu wa Afrika na wa nchi zenye kipato kidogo. Msaada huo ni mchache na huisha mapema.

Utaratibu hauna siri. Ikisiri yako itume mwanzoni mwa kipindi, si usiku wa mwisho, na siku hiyohiyo jaza fomu ya msaada wa safari. Uwe mwanachama kwanza kama wanataka, na uliza ada ya nchi maskini, ipo. Mwandikie mratibu wa kikao ulichoombea nafasi. Vikao vingine vina pesa yake ndogo, na mratibu mwenye picha za vigae vipya vya Lomami mezani atakupigania. Wenner-Gren hutoa pesa kwa waandaaji wa mikutano, wala haitoi kwa msafiri mmoja mmoja, kwa hiyo hapo wa kumwomba ni mwandaaji.

Uliza swali hili kwa maandishi: mnalipa kabla au mnarudisha baadaye? Msaada wa kurudishiwa, kwa mtu asiye na dola elfu mbili za akiba, si msaada. Omba wanunue tiketi wao moja kwa moja, wafute ada ya usajili, na wakulaze kwenye mabweni ya chuo kama yapo. Waandaaji wengi hukubali wakiulizwa kwa heshima na mapema.

Halafu hesabu safari yako kuanzia uwanja wa ndege wa Bangoka, Kisangani, si kuanzia Ndjili, Kinshasa. Viza ya nchi za Schengen inaombewa Kinshasa, maana yake ndege ya ndani, malazi, na siku za kusubiri pasi irudi. Gharama hizo waandaaji hawazijui, uziandike kwenye fomu. Barua ya mwaliko iseme nani analipa nini, na karatasi ya misheni na uthibitisho wa kazi viwe na jina lililoandikwa herufi kwa herufi kama kwenye pasi. Mtu mwenye majina matatu aliyeandikwa mawili kwenye mwaliko amejitafutia balaa. Kwa mtu wa Tshopo, Nairobi na Dar es Salaam mara nyingi ni karibu kuliko Paris kwa kila hesabu, na mabwana wengi wa fani huja huko pia.

Kuna mikutano mingine itakayokualika yenyewe kwa barua pepe, ikusifu sana, ikuombe ulipe ada leo kwa punguzo. Tazama: je, jina la mtu unayesoma makala zake limo kwenye kamati, na mwenyewe anajua? Mkutano unaochanganya akiolojia, uuguzi na uhandisi wa simenti katika hoteli moja kwa siku mbili, uache upite.

Jibu likija

Ukipata, soma mkataba wote kabla ya kutia sahihi, hasa mahali pesa itakapoingia. Kama ni akaunti ya chuo, andikianeni kabla: nani anatoa, kwa sahihi ngapi, ndani ya siku ngapi. Nakala ya ripoti iende IMNC, teritware ya Opala na shule ya kijiji ulichochimba.

Ukikosa, usifunge faili. Omba maoni ya wahakiki, mifuko mingi hutoa. Yasome siku ya pili, si siku ileile. Mhakiki akisema hajaelewa mbinu, tatizo ni maandishi, na hilo linarekebishika ndani ya wiki. Akisema huna mshirika wa maabara, tafuta mshirika, usibadilishe swali. Akisema eneo ni gumu kufikika, ongeza ile aya ya njia ya pili na barua mpya ya chifu wa grupma, yenye muhuri na tarehe ya mwaka huu. Kisha uliza kama wanakubali ombi lilelile mara ya pili, na tarehe inayofuata ya kufunga ni ipi, uiandike nyuma ya daftari la vigae.